Kabla ya dume, tafuta majike na njia ya kutolea nyama

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, naishi Lewiston, jimbo la Maine, huu mwaka wa saba. Juni jina langu limetoka kwenye bahati nasibu ya kibali cha kuwinda musi (moose), yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu: dume mmoja, wiki ya Oktoba, upande wa Jackman. Mpaka sasa nimewinda kulungu wa mkia mweupe tu, tena misimu miwili. Mwenzangu kazini anasema Julai aliona dume mkubwa kwenye bwawa fulani, niende nikamsubiri palepale. Kwenda Jackman ni karibu saa tatu kwa gari, na nina wikiendi nne tu za kupeleleza. Nianzie wapi? Niweke kamera? Na nijaribu kumwita kabla ya msimu nione kama ataitika? Tutakuwa wawili, mimi na shemeji yangu."

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na hongera sana. Watu makumi ya maelfu huomba kibali hiki kila mwaka, vinavyotolewa miaka ya karibuni ni kama 4,000, na ninao majirani walioomba miaka ishirini bila kuitwa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu huenda nafasi hii isikurudie.

Kwanza yule dume wa Julai. Msahau. Mwenzako hakudanganya, alimwona kweli, lakini alichokiona ni musi wa Julai, na wewe unaenda kuwinda musi wa Oktoba. Wakati wa kiangazi musi huingia bwawani kwa mambo mawili, joto na chumvi. Majani ya miti anayokula yana sodiamu kidogo mno, ila mimea ya majini inayo ya kutosha, ndiyo maana utamkuta amezamisha kichwa chote, kisha anaibuka na mizizi ikining'inia mdomoni. Ikifika Septemba mimea ile imeanza kufa, na dume amepata shughuli nyingine. Kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ni majira ya kupandana. Dume karibu anaacha kula, anatembea usiku na mchana kutafuta majike, na yule wa bwawani anaweza kuwa bonde la tatu kutoka pale.

Jike hana mwendo huo. Ana ndama ubavuni, anahitaji kula, anahitaji kujificha, kwa hiyo hukaa eneo dogo analolijua. Ukijua majike wanapokaa mwishoni mwa Septemba, madume watakuja wenyewe, na hutahitaji kujua jina la hata mmoja. Kwa hiyo wikiendi zako nne usizitumie kumsaka dume. Zitumie kusaka majike na chakula chao, halafu jambo ambalo wawindaji wengi wageni hulifikiria mnyama akiwa tayari ameanguka: nyama itatokaje.

Nikueleze kwa nini naanza na nyama. Mwaka wangu wa kwanza nilimsindikiza rafiki aliyepata kibali cha Septemba. Siku ya pili, jua limewaka, tukamwona dume ng'ambo ya kinamasi. Tukamfuata, tukampiga saa nne asubuhi, kilomita moja na nusu kutoka barabarani. Tulikuwa wawili. Kinamasi kile hatukuwa tumewahi kukivuka hata mara moja, tulikiona tu kwenye ramani kikiwa na rangi nzuri ya kijani. Kila hatua tulizama mpaka magotini. Mzigo wa mwisho ulifika kwenye gari kesho yake mchana, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeshaoza kando ya mfupa. Tuliitupa ile nyama. Mtoto wa mfugaji haisahau siku kama hiyo, na tangu hapo sijampiga mnyama mahali ambapo sijapapima kwa miguu yangu mwenyewe.

Fikiria ukubwa wake. Dume mkomavu wa huku akiwa hai hupita kilo 400, kiumbo yuko karibu na pofu wa kwetu ila miguu yake ni mirefu zaidi. Ukishamchuna na kutoa mifupa unabaki na kilo 200 hivi za nyama. Mguu wa nyuma ukiwa na mfupa unaweza kufika kilo 60. Ngozi yake ni nene na manyoya yake yameumbwa kwa theluji, kwa hiyo joto la mwili halitoki mpaka umemchuna na kumgawanya. Hata Oktoba, siku yenye jua, saa unazo za kuhesabu.

Kipimo changu ni hiki. Nikifika mahali panaponipendeza, naweka kwenye shanta gunia la mchele la kilo 20 na kutembea nalo mpaka gari lilipo, nikiangalia saa. Nyama, mifupa na kichwa ni kama kilo 300. Mtu wa kawaida porini hubeba 25 au 30. Hiyo ni safari kumi na zaidi. Kama safari moja yenye mzigo ilinichukua dakika arobaini, ninyi wawili mtamaliza usiku wa manane. Kwa watu wawili sipiti mita 300 au 400 kutoka barabara inayopitika, na nataka barabara iwe chini na mnyama awe juu, mzigo uteremke. Ukipata vijana wengine wawili wa kuitwa kubeba, nenda hata mita 700. Zaidi ya hapo pafute kwenye ramani yako, hata kama pamejaa nyayo. Na musi akisimama ndani ya maji, mwache atoke. Kumtoa dume aliyekufia bwawani ni kazi ya watu wanane.

Kabla sijatoka kwenye nyama, najua kwetu aliyeua ndiye hula ini kwanza. Huku usile. Jimbo la Maine linashauri watu wasile ini wala figo za musi kwa sababu madini ya kadmiamu hujikusanya humo, na hayaondoki kwa kuchemsha. Nyama yenyewe ni salama, na ni tamu.

Sasa twende porini, ila safari ya kwanza inaanzia mezani. Fungua picha za satelaiti za eneo lako lote. Misitu ya kule sehemu kubwa ni ya makampuni na watu binafsi, inavunwa kwa vipande, na kila kipande kina umri wake. Kilichovunwa juzi kinaonekana cha kahawia chenye mistari ya mashine. Baada ya miaka michache kinakuwa kijani hafifu. Kuanzia mwaka wa tano hivi mpaka wa kumi na tano kinakuwa kijani kizito chenye mikunjo kama blanketi lililotupwa, na hapo ndipo pana meza ya musi: machipukizi ya betula, mepoli na mierebi, marefu kumficha na mafupi kuyafikia. Programu nyingi za ramani hukuonyesha picha za miaka ya nyuma. Rudi nyuma mwaka hadi mwaka uone kipande kilikatwa lini.

Machipukizi peke yake hayatoshi. Tafuta mahali yanapopakana na msitu mweusi wa miberoshi na misonobari, na maji au tope karibu. Musi ameumbwa kwa baridi. Wataalamu waliompima walikuta kwamba kiangazi akifikia joto la nyuzi 14 hivi tayari anaanza kupumua kwa kasi, kwa hiyo siku ambayo wewe umevaa sweta, yeye anatafuta kivuli. Saa tatu asubuhi ameshaingia gizani kwenye miberoshi, amelala kwenye ardhi yenye unyevu. Chakula, kivuli na maji vikiwa ndani ya kilomita moja, weka alama. Chagua sehemu saba au nane.

Wikiendi ya kwanza, Agosti, nenda ukaangalie barabara tu. Utashangaa. Nusu ya sehemu ulizochagua zitakufia hapo: daraja limeondolewa, mawe yamewekwa katikati ya njia, geti limefungwa, au barabara ya kwenye picha imekuwa msitu. Afadhali ujue Agosti kuliko alfajiri ya siku ya kwanza. Barabara za magogo zina adabu yake. Lori lililobeba magogo lina haki ya njia siku zote; ukiliona, sogea kando kabisa na usimame. Washa taa hata mchana, usisimame kwenye kona wala kwenye daraja. Kokoto za huko ni kali, beba matairi mawili ya akiba. Simu haishiki sehemu nyingi, kwa hiyo pakua ramani mapema, na bado ubebe ya karatasi na dira. Mwachie mama watoto maandishi ya mahali utakapokuwa na saa ya kurudi.

Na barabara ya lami yenyewe, ile namba 201 kuelekea Jackman, uiogope. Hatari kubwa katika safari yako yote ipo pale, usiku, ukiwahi alfajiri. Musi ana rangi ya lami iliyolowa, na macho yake yako juu ya mwanga wa taa za gari dogo, hayang'ai kama ya kulungu. Ukimgonga miguuni, mwili wote unakuja kwenye kioo. Punguza mwendo kuliko kibao kinavyosema.

Wikiendi ya pili, mwanzoni mwa Septemba, ndiyo ya kusoma dalili, na hapa naomba usiwe na haraka.

Anza na meno. Musi ni kama ng'ombe na mbuzi, hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Kwa hiyo hakati kijiti, anakibana na kukichana, na ncha inabaki na nyuzinyuzi. Sungura wa huku hukata mshazari, safi kama kwa kisu. Kulungu naye huchana, basi tazama urefu: kijiti kilichochanwa juu ya kichwa chako, kulungu hakifikii. Kisha tazama rangi ya kidonda. Kikiwa cheupe au cha kijani chenye unyevu, ni cha siku hizi. Kikiwa cha kijivu, ni cha baridi iliyopita. Upo mti mmoja mdogo wa jamii ya mepoli, gome lake la kijani lina mistari myeupe, wenyeji wameupa jina la musi kwa jinsi anavyoupenda. Jifunze kuutambua. Ukikuta miche yake imevunjwa katikati, usawa wa kifua, majani ya juu yameliwa, ujue musi aliusukuma kwa mwili wake akauinamisha ili afikie ncha.

Mavi yanadanganya watu wengi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kiangazi, akila majani na mimea ya maji, mavi yake ni laini, karibu kama ya ng'ombe. Anapohamia kwenye vijiti yanakuwa punje ngumu, kubwa kuliko za mbuzi mara mbili au tatu, ukizivunja ndani ni kama vumbi la mbao. Punje za majira ya baridi hazina cha kuozea, hukaa mwaka na zaidi. Mpelelezi mgeni anakuta chungu kumi za punje, anafurahi, anapiga kambi, na hakuna musi hata mmoja ndani ya kilomita tano, maana pale ni mahali pa Februari. Punje za kijivu, kavu, zilizofunikwa na majani ya mwaka jana, zipite. Unazozitaka zina rangi ya kahawia inayong'aa, na zimelala juu ya majani.

Kuhusu nyayo, mimi nilikulia Sikonge, Tabora, kwenye miombo. Kule baba yangu alifuata unyayo wa kongoni kwenye vumbi kutwa nzima, kwa hiyo nilipofika huku nilijiona najua. Sikujua. Ndani ya msitu wa Maine zulia la majani na ukoga linameza kwato; mnyama mzito kuliko fahali anapita na huoni kitu. Mahali pa kusoma ni kingo za barabara za magogo, mitaro yenye tope, na vivuko vya vijito. Unyayo wa jike mkubwa una urefu wa sentimita 12 au 13, wa dume aliyekomaa unapita 15, na kwenye tope laini vile vikwato viwili vya nyuma vinachora pia. Lakini unyayo ninaouthamini kuliko wote ni ule mkubwa wenye mdogo pembeni yake. Huyo ni jike na ndama, na ndiye mwenyeji wa mahali. Jumamosi jioni chukua tawi, futa nyayo zote pembezoni mwa barabara yako, mita mia mbili hivi. Jumapili alfajiri rudi usome. Kilichoandikwa hapo ni cha usiku mmoja, hakina utata wa mwezi mzima.

Mwanzoni mwa Septemba dume naye anaacha saini yake. Pembe zake zilizokua tangu masika zimekauka, ngozi laini iliyozifunika inamwasha, na anaisugua kwenye miche mpaka gome linachubuka na matawi yanavunjika. Kulungu hufanya hivyo usawa wa goti na paja. Musi hufanya usawa wa kifua chako na juu zaidi. Furahi ukikuta, lakini usihamie hapo. Ni kumbukumbu ya dume aliyepita, na bado ana safari ndefu.

Uliuliza kamera. Weka mbili, zisizidi. Ziweke kwenye njia zinazounganisha miberoshi na machipukizi, usawa wa kifua, zisielekee jua linakochomoza. Kazi yake ni kukuhesabia majike na kukupa saa zao, basi. Omba ruhusa ya mwenye ardhi na andika jina lako kwenye kamera, sheria ya Maine inataka hivyo. Usizitembelee kila safari. Kila ukienda unaacha harufu. Zitoe wikiendi ya tatu. Ndege isiyo na rubani iache nyumbani, sheria hairuhusu chombo cha angani kukusaidia kuwinda musi. Chumvi na chambo usiweke hata kama mtu wa dukani atakwambia kila mtu anaweka.

Kabla ya wikiendi ya tatu, neno juu ya upepo, maana kuanzia hapo unaingia nyumbani kwa mnyama. Musi haoni vizuri sana, lakini pua na masikio yake hayakosei. Wazee wetu walibeba kifuko cha majivu wakakitikisa kuona vumbi linaelekea wapi. Mimi bado nabeba, na wenzangu wa huku wananiomba. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni kama maji, jua likipanda inageuka na kupanda nalo. Kwa kila sehemu uliyobaki nayo andika: upepo wa magharibi naingilia wapi, wa kaskazini naingilia wapi. Usiwe na sehemu moja yenye mlango mmoja.

Wikiendi ya tatu iwe ya mwisho wa Septemba. Wilaya kadhaa za kaskazini huwa na msimu wao wakati huo, na wawindaji wa ndege nao wapo, kwa hiyo vaa kofia na fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa hata kama huna bunduki. Fika nusu saa kabla ya kupambazuka, zima gari mbali, kaa kando ya machipukizi na usikilize. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, hutoa mlio mrefu wa kulalamika, unapanda na kushuka. Dume hujibu kwa mguno mfupi, mmoja baada ya mwingine anavyotembea, na utasikia pembe zikigonga vichaka. Asubuhi moja ya baridi isiyo na upepo inaweza kukueleza zaidi ya kamera zote mbili.

Wala usimwite. Najua hamu unayo, ndiyo maana umeuliza. Wapenobscot, wenyeji wa asili wa nchi hii, ambao kwa lugha yao mnyama huyu ni mos, walimwita kwa pembe ya gome la betula kwa vizazi vingi, na njia hiyo inafanya kazi mpaka leo. Lakini inafanya kazi kwa sababu dume anaamini kuna jike. Ukimwita Septemba akaja, akakuta harufu ya mtu na sabuni, umemfundisha. Ukirudi Oktoba na sauti ileile atasimama mita mia tatu ndani ya miberoshi, akuzunguke chini ya upepo, na hutamwona. Fanya mazoezi ndani ya gari ukielekea kazini. Pembe yako iguse mdomo porini siku ya kwanza ya msimu, si kabla.

Kama ukikuta shimo bichi ardhini, lenye harufu kama ya zizi la beberu, simama. Dume amelichimba kwa kwato, amekojoa ndani na kugaagaa, na majike huja hapo kwa ajili ya harufu hiyo. Usilikanyage, usikae juu yake. Weka alama kwenye ramani na uondoke kwa njia uliyojia. Wiki yako ya Oktoba itakuta kilele kimepita, madume wamechoka na wameanza kula tena, lakini jike ambaye hakushika mimba hurudi kwenye joto baada ya wiki tatu au nne, na dume anajua. Majani nayo yatakuwa yameanguka, utaona mbali kuliko Septemba. Kwa hiyo tafuta sasa mahali pa kukaa ambapo Oktoba utatazama machipukizi kwa mita 150 bila kusogea. Leo majani yamekuziba, ila shina haliongopi. Jaribu kufikiria kichaka kikiwa uchi.

Hukuuliza, lakini mimi niliwahi kujiuliza, kama watu wa vijiji vile watakuonaje. Ingia dukani, nunua kahawa, jitambulishe, sema una kibali na umetoka Lewiston. Kibali cha musi ni habari njema kila nyumba kule, na wengi watataka kukusaidia. Waulize madereva wa magogo, wanaopita alfajiri kila siku kwenye barabara zilezile. Ila usiwaulize "dume yuko wapi?" Waulize "wiki hii mmeona jike na ndama wapi?" Swali la kwanza litakupa hadithi za miaka kumi, la pili litakupa mahali. Ukikuta gari la mwindaji mwingine limesimama kwenye sehemu yako, nenda ya pili. Ndiyo sababu nimekwambia uanze na nane ili ubaki na tatu au nne.

Vaa suruali ndefu uiingize kwenye soksi. Mwishoni mwa Septemba viluwiluwi vya kupe wa majira ya baridi huning'inia kwenye vichaka kwa mamia wakimsubiri musi, na mnyama mmoja anaweza kubeba makumi ya maelfu mpaka masika. Ndama wengi wa Maine na New Hampshire wamekufa kwa kunyonywa damu hivyo, na kwangu mimi niliyeona ng'ombe wa kwetu wakiisha kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, inauma kuwaona. Hao hawamtafuti mtu sana, lakini wapo kupe wengine wa huku wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, basi jikague kila jioni.

Wikiendi ya nne ni ile inayotangulia Jumatatu ya msimu. Nenda na shemeji yako Jumamosi. Usiingie tena kwenye machipukizi. Pita barabara zako tu mkiwa ndani ya gari, mhakikishe madaraja yapo na hakuna kambi mpya ya wavunaji, msome kingo za barabara kwa nyayo za usiku uliopita, na mkubaliane: sehemu ya kwanza kwa upepo huu, ya pili kwa upepo ule. Mwonyeshe mahali gari litakaposimama na njia ya mzigo uliyoipima. Hakikisheni kamba, kapi, sledi ya plastiki ya kuburuta nyama, visu vitatu, mifuko ya kitambaa ya nyama na taa za kichwani viko garini, na barafu mmeshajua mtanunua wapi. Pitieni pamoja kijitabu cha sheria cha mwaka huu, hasa saa halali za kupiga, umbali kutoka barabara ya lami na nyumba za watu, na kituo cha kusajili mnyama kilicho karibu.

Jumapili hakuna kuwinda Maine, ni marufuku, kwa hiyo pori litakuwa kimya. Kaeni kambini. Mchana mkalale kidogo. Saa kumi alfajiri ya Jumatatu mtakuwa njiani.